Bildad Njuguna na Ambulensi Iliyokuwa Nzima

Bwana Bildad Njuguna anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Huduma ya Afya Ukingo wa Ziwa kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja Kisumu kutoka Murang'a akiwa fundi wa kuziba pancha. Anaondoka akiwa msimamizi wa karakana, na Kijaluo chake kingali kinawachekesha akina mama wa soko la Otonglo.

Wengi watakumbuka siku muuzaji mmoja alipomletea dawa ya kusafisha injini, akaisifu asubuhi nzima. Njuguna alimsikiliza kwa adabu, kisha akaomba kuona gari ambalo yeye mwenyewe hulitia dawa hiyo. Muuzaji alikuwa amekuja kwa bodaboda. Tulicheka sana. Lakini ukali wa Njuguna kwa sevisi zisizo na maana una chanzo chake, na chanzo hicho hakichekeshi.

Zamani aliifuata ratiba ya sevisi bila swali. Ikisema fungua, anafungua. Mwaka 2016 aliingiza karakanani moja ya ambulensi zetu mbili. Ilikuwa inatembea vizuri, breki zinashika, injini haina kelele. Ila zamu yake ya kubadilishiwa oili ya gia na kusafishwa njia za mafuta ilikuwa imefika, ingawa oili yenyewe ilikuwa bado safi. Kufikia saa nne asubuhi vipuri vilikuwa vimetandazwa sakafuni. Ambulensi ya pili ilikuwa imempeleka mgonjwa Siaya.

Ndipo simu ikalia. Mwandishi wa maneno haya ndiye aliyeipokea. Katika zahanati yetu nje ya Kombewa, mama aitwaye Anyango alikuwa amejifungua salama, kisha damu ikakataa kukatika. Njuguna na mafundi wake walianza kurudisha vipuri mbio mbio. Hawakuwahi. Familia ilikodi gari la jirani, na walipokaribia Otonglo Anyango alikuwa ameshakata roho.

Baada ya mazishi, mumewe, Tom Achola, alikuja karakanani. Ofisi ilikuwa imemwelekeza Njuguna aseme gari lilikuwa bovu.

“Mzee,” Tom alimuuliza, “ambulensi ilikuwa inaugua nini?”

“Haikuwa inaugua, ndugu yangu. Mimi ndiye niliyeifungua.”

“Ilikuwa nzima?”

“Nzima kabisa.”

Tom aliketi juu ya tairi kuukuu akalia. Njuguna akaketi kando yake mpaka jioni, na hakuna aliyethubutu kuwasogelea. Daktari alikuwa amesema kwamba huenda Anyango asingepona hata kama ambulensi ingefika. Njuguna hakulitumia neno hilo kujitetea. Kwa sababu alisema kweli, alionywa na wakubwa, na cheo alichokuwa akikitarajia kikachelewa miaka mingi. Tom hakurudi tena.

Baada ya hapo aliipitia ratiba yote, akikihoji kila kipengele: kisipofanywa, nini kitaharibika, na nani ataumia? Breki, tairi, usukani, maji ya rejeta na oili ya injini vilibaki, na kwa vitu hivyo hakuna aliyeweza kumshawishi aahirishe hata siku moja. Dereva wetu Rosa aliwahi kumsihi amwachie gari lenye breki zilizolika, kwa safari fupi tu. Njuguna alichomoa ufunguo akaondoka nao. Kusafisha injini isiyo chafu kulifutwa. Oili ya gia ilibadilishwa kwa kufuata kitabu cha watengenezaji wa gari, si mazoea yetu. Tena hakuna ambulensi iliyofunguliwa wakati nyingine iko mbali.

Si kwamba vifo viliisha. Barabara zetu ni mbaya na wagonjwa huletwa wakiwa wamechelewa. Njuguna amezika wengi waliofikishwa na magari yake kwa wakati. Lakini tangu mwaka ule, hakuna aliyepiga simu mgonjwa wake achukuliwe akajibiwa kwamba gari lipo, ila limefunguliwa.

Ameomba hafla yake isiwe na keki wala hotuba ndefu. Atakuwa nyumbani Migosi na mkewe, Lorna, aliyevumilia miaka ambayo mumewe alikuwa hazungumzi mezani.

Bwana Njuguna, asante kwa magari uliyoyazuia na kwa yale uliyoyaruhusu yaende. Tunakuombea afya njema, na moyo ambao hatimaye utapumzika.

Elsie Nakhungu
Ofisi ya Usafiri