Mchuzi wa Kwenda Nao

Foleni ya kivuko cha Kilifi haikusogea, na Bi Batuli, ambaye kwake kukaa kimya ni adhabu, alimgeukia jirani yake basini, aliyekuwa akila viazi karai vya kuchovya kwenye ukwaju alivyonunua dirishani. "Mwanangu, ukwaju huo ni maji matupu. Kwako hupiki?"

"Nikipika, mama, tui hukatika," alijibu Nduku akilamba vidole.

"Basi watia tui zito kwanza. Hilo hutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo. Hukufundishwa?"

"Na nani? Mama mkwe wangu kila akija huja na mchuzi wake. Mwaka wa sita huu, wangu hajauonja."

Basi likaingia kivukoni, injini ikazimwa. Bi Batuli akavuta leso, akaifunika vizuri sufuria ya mchuzi aliyoipakata tangu Mombasa, akienda nayo Muyeye kwa mke wa mwanawe.