Neno "Thrice" Kwenye Pakiti ya Dawa

Benchi la kijiweni liko nje ya duka la fundi redio, limeegemezwa ukutani chini ya bati lenye matundu. Alasiri ile waliketi watatu: Redio mwenye duka, Spana wa gereji, na Kamusi, tarishi mstaafu wa ofisi ya bima, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa kila karatasi ya Kiingereza mtaani ilipita mikononi mwake. Birika la kahawa lilikuwa kati yao. Kamusi hakuwa amegusa kikombe chake. Asubuhi alikuwa amesikia kwamba Seremala, jirani yao, kalazwa hospitali, mguu wenye kidonda umevimba mpaka gotini.

— Eti dawa alimeza, na kidonda kikazidi, — alisema Redio. — Pakiti imeandikwa "thrice". Ndiyo nini hiyo?

— Ndugu yake "three", — alijibu Spana. — Tatu hiyo.

— Si waandike "three" yaishe?

— Kuna "once", kuna "twice", kuna "thrice". Wakifika nne hawana neno tena. Mfalme wao alikuwa akihesabu ngazi kwa sauti, ya nne akateguka mguu. Neno likapigwa marufuku.

— Muongo wewe! Na "double"?

— Ya mafundi hiyo. Mtu kapigilia mlango, kaambiwa apigilie na wa pili. Da! ndiyo mshangao, bo! ndiyo nyundo: dabo.

— Basi "dozen" naijua mimi. Mtu kahesabu mayai, alipofika kumi na mbili usingizi ukampitia. Kusinzia si wanaita "doze"?

Wakacheka mpaka benchi likalia. Kamusi hakucheka. Wiki iliyopita mke wa Seremala alimletea pakiti ile hapo hapo kijiweni. Neno lile hakuwahi kukutana nalo. Angesema "sijui", yangeisha. Lakini Spana alikuwa akimtazama, basi akavaa miwani, akakohoa kidogo, akasema: "Kimoja, kila siku ya tatu." Mama wa watu akashukuru, akaenda kumpa mumewe kidonge kimoja, akaanza kungoja siku ya tatu.

— Kamusi, tuamulie basi, — alisema Redio.

— Ni mara tatu kwa siku. Leo asubuhi nimemuuliza muuguzi.

— Umuulize wewe? Kwani hukuwa unajua?

Kabla hajajibu, mke wa Seremala alitokea kwenye kona, khanga imemlegea begani, macho mekundu kwa kukesha.

— Shemeji, mguu hawaukati. Wamesema tumewahi.

— Afadhali! — Redio na Spana walisema pamoja.

— Nina swali moja tu. Siku ile, kama hukujua, kwa nini hukuniambia hujui?

Redio akaiangalia bisibisi yake. Spana akainamisha birika, hakikutoka kitu. Kamusi alitaka kusema aliona aibu, lakini neno hilo likawa dogo mno mbele ya mguu wa mtu.

Mama akatoa pakiti nyingine mkobani.

— Na hii wamenipa leo. Nisomee.

Ilikuwa "twice". Hiyo Kamusi aliijua tangu utoto. Aliisoma, akairudia, ila hakujiamini tena; akamrudishia pakiti.

— Twende dukani kwa muuza dawa, shemeji, — alisema akiinuka. — Tukamuulize mwenyewe.

Akamfuata nyuma, hatua mbili, bila kugeuka kutazama kijiweni.