Ngazi, Mzimamoto Aliyefia Kwenye Lindo la Pili

Marehemu, ambaye kazini na mtaani wote walimwita Ngazi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa fundi bomba na mkewe.

Jina alipewa shuleni kwa urefu wake. Akiwa darasa la sita alipanda paa la ukumbi kumteremsha paka. Mwalimu mkuu alimchapa kwa kupanda, kisha akamshukuru, maana paka alikuwa wake. Alimaliza sekondari mwaka 1998.

Tarehe 2 Mei 2001 aliajiriwa kikosi cha zimamoto na uokoaji, akatumikia miaka ishirini na mitatu. Mwaka 2006 alimwoa mshonaji ambaye kibanda chake kilishika moto, Ngazi akauzima. "Umelowesha vitambaa vyote," mshonaji alimwambia. "Afadhali hata huo moto." Kesho yake Ngazi alirudi kumsaidia kuvianika, na keshokutwa pia, ingawa vilikuwa vimekwisha kukauka.

Agosti 2021 bweni moja liliungua. Ngazi alitoa watoto tisa, wanne wakiwa hai. Tangu hapo alinawa mikono hadi ikachubuka, na hakuweza kukaa chumba kilichofungwa mlango. Aliomba kuonana na mshauri nasaha. Mkuu wake alimjibu mbele ya wenzake, "Jikaze. Kazi ikikushinda, njia unaijua." Chumba cha ushauri kilikuwepo, tena chenye kibao. Ndani walikuwa wamejaza matairi.

Aliandika barua kudai mshauri na nyongeza ya mshahara, na wenzake thelathini na mmoja wakatia saini. Jibu likawa kuhamishiwa stoo kuhesabu mipira ya maji, na posho ya hatari ikakatwa. Ndipo akachukua lindo kwenye ghala la kampuni moja, siku zake za mapumziko. Presha ilipogundulika, daktari alimwagiza apumzike. "Nikipumzika, mabinti watasomeshwa na nani?" alimuuliza mkewe.

Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, alianguka kwenye geti la ghala kwa kiharusi, akafariki akiwa amevaa sare ya kampuni ya watu.

Mkuu wake yupo hapa, mstari wa mbele, na shada kubwa. Ameomba kusema machache. Dada wa marehemu, anayesoma haya, amemjibu: "Tulikungoja useme miaka mitatu, wenzake wote ni mashahidi. Leo utasikiliza."

Marehemu ameacha mama, mjane, mabinti wawili, dada, na wenzake waliotia saini, ambao kesho asubuhi wanaingia zamu. Mungu ampumzishe, wanadamu walikataa.