Jepkosgei Hakutundika Makoti

Baba Mchungaji, wazee, ndugu na marafiki, majirani wa Bowie na Hyattsville, na nyinyi mliotoka Springfield mkakwama barabarani, mimi ni Jelagat, mdogo wake marehemu, na nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yangu, Bridget Jepkosgei Mutai. Programu mliyoshika imeandikwa na kamati ya mazishi chini ya mwenyekiti wake, Bwana Gregori, nayo ina mambo mawili yasiyo kweli, la kwanza kwamba marehemu alikuwa “mke mpendwa wa Bwana Kiprotich”, la pili kwamba tukitoka hapa jeneza linakwenda uwanja wa ndege ili likazikwe shambani kwa huyo bwana, kule Nandi. Kwa hiyo programu wekeni chini, au joto likizidi mjipepee nayo, nami nitasoma hii yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 huko Kabiyet, Nandi, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mutai na marehemu mama yetu, akasoma shule ya msingi ya kijijini, kisha shule ya bweni ya wasichana mjini Kapsabet, ambako alikataa kuwa msemaji wa klabu ya mijadala akataka ukatibu, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, msemaji anapewa dakika zake kisha anakaa chini, lakini katibu ndiye anayeamua nani atasimama na lini. Agosti 1998 alikuja Marekani, akapanga chumba Hyattsville, akawa anaosha na kulisha wazee wa watu huku akisoma, na mwaka 2006 akapata shahada ya sayansi ya siasa, miaka miwili baadaye akawa raia.

Katikati ya hayo alifunga ndoa na Bwana Kiprotich, tarehe 22 Julai 2000, na tarehe 17 Mei 2002 wakajaliwa mtoto mmoja, Queen, ambaye leo ni muuguzi na amekaa pale mbele.

Januari 2009 marehemu aliajiriwa katika Seneti ya Marekani, katika chumba kilicho nyuma ya ukumbi wa mjadala, ambacho wenyewe tangu zamani wanakiita chumba cha makoti, na hapo ndipo shida yake na sisi Wakenya ilipoanzia. Habari ilifika Nandi kwamba Jepkosgei amesoma mpaka akapewa kazi ya kutundika makoti ya maseneta, shangazi yetu mmoja akapiga simu akauliza, “Mwanangu, hakuna hata moja lililosahaulika? La mtu mnene, mjomba wako anaumwa na baridi,” na Bwana Kiprotich, badala ya kumtetea mkewe, kila harusi na kila sherehe ya kumpa mtoto jina alikuwa akisema mbele ya watu, “Muulizeni huyu mama, ndiye anayejua saizi za wakubwa,” watu wakacheka, na baadhi yenu mliocheka mko humu ndani.

Basi mjue leo, kwa kuwa kamati imeandika tu kwamba “alihudumu serikalini”. Jepkosgei hakutundika koti la mtu yeyote kwa miaka kumi na sita, hata la kwake alikuwa analitupa kitini, kazi yake ilikuwa kuifanya siku ya Seneti iende, yaani mswada upi uingie kabla ya upi, nani azungumze baada ya nani, kura ipigwe lini, na wakubwa wawili wanaotaka kusema kwa wakati mmoja waambiwe nini ili kila mmoja aone ndiye aliyependelewa. Mambo mengi ya pale hayapigiwi kura, mtu anasimama anaomba jambo lipite kwa ridhaa ya wote, aliyekalia kiti anauliza kama kuna pingamizi, kukiwa kimya limepita, lakini akitokea hata mmoja akasema napinga, limekwama hapo hapo. Kwa sababu hiyo, kabla jambo halijafikishwa ukumbini, Jepkosgei na wenzake walikuwa wanaipigia simu kila ofisi ya seneta wa chama chao, moja baada ya nyingine, kuuliza kama kuna mwenye neno, na Bwana Ajamu, mwenzake wa miaka mingi, aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu na anayekisema kwa usafi unaotuaibisha, amenisimulia kwamba wiki yake ya kwanza alimwambia marehemu kuna ofisi moja haijajibu, bila shaka imekubali, naye akamjibu, “Ajamu, mtu akinyamaza usiandike amekubali, huenda yuko chooni.”

Ndoa ilivunjwa mahakamani hapa Maryland tarehe 11 Juni 2014, Bwana Kiprotich akarudi Kenya, akaoa, akapata watoto, jambo ambalo hatuna ugomvi nalo. Ugomvi ni kwamba sasa anatafuta udiwani wa wadi yao mwaka 2027, na yule yule aliyekuwa anachekesha watu kwa makoti amechapisha mabango yenye picha ya dada yangu, juu yake pameandikwa “Familia ya Seneti”, na ametangaza huko kwamba mkewe, kiongozi mkubwa wa Marekani, anarudishwa nyumbani, waheshimiwa watakuja, mahema yameshaagizwa. Akiwa hai alikuwa mtundika makoti, amekufa amekuwa seneta.

Septemba 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Krismasi iliyofuata tulikula nyumbani kwake Bowie, na mezani, bila kulia na bila kunong'ona, alisema, “Mimi mtanizika hapa Bowie, Queen akitoka kazini apite anisalimie, sitaki mtoto wangu aombe likizo na tiketi ya ndege ili aje kung'oa majani kwenye kaburi la mama yake.” Bwana Gregori alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwake, ana paja la kuku mkononi, na alisema, “Amina, dada yangu.” Bwana Gregori, usiangalie dari, ulisema Amina, ukaomba na pilipili.

Oktoba mwaka huu alilazwa, akawekewa mashine ya kupumua, na akiwa bado anapumua, tarehe 12, simu yake ikiwa kwenye mkoba wangu pale pale kando ya kitanda, iliingia meseji kwenye kundi la familia, imeandikwa na Bwana Gregori, “Wapendwa, Mungu akimchukua dada yetu, mwili utasafirishwa Nandi kwa mumewe. Kama hakuna pingamizi, tuchukulie tumekubaliana.” Yaani waliomba ridhaa ya wote, na miongoni mwa wote hao alikuwamo marehemu mwenyewe, ana mpira kooni. Niliandika kwa simu yangu neno moja, Napinga, nikajibiwa, “Dada Jelagat, hoja yako tumeipokea kwa heshima zote, ila wewe si wa ukoo wa mume,” halafu nikaondolewa kwenye kundi, na baada ya mimi kuondolewa, naam, hapakuwa na pingamizi. Alifariki tarehe 14 Oktoba 2025, alfajiri, Queen amemshika mkono.

Siku tatu baadaye Bwana Kiprotich, ambaye alikuwa ametua juzi yake, alifika Bowie na wazee wanne, akamwambia Queen kwamba karatasi ya mahakama ya Wazungu haivunji ndoa ya kimila, kwamba mtoto mwenye adabu hawarudishi wazee mlangoni, na kwamba atie sahihi mwili utolewe. Queen, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini kinywani humtokea Kiingereza, alinyamaza, akawamiminia chai, wakanywa, wakasimama wakasema, “Tumshukuru Mungu, mtoto amekubali,” wakaenda kuchapisha hii programu. Hakuna aliyemuuliza, mtoto, wewe unasemaje. Mimi nilimuuliza kesho yake, tukiwa tunaosha vile vikombe, akaniambia mama yake alishasema anataka kulala wapi, yeye hana la kuongeza, akachukua ufunguo wa gari, akaenda kwa watayarishaji wa mazishi, na kwa kuwa sheria ya hapa inamtambua yeye, mtoto mtu mzima wa mama asiye na mume, akaagiza kaburi Bowie, na jana limechimbwa.

Kwa hiyo tukitoka hapa gari linakata kulia kwenda Bowie, si kushoto, na waliokwisha kukata tiketi nawatakia safari njema, mahema yatasitiri watu jua, na Bwana Kiprotich, kama utakuja kaburini, njoo kama watu wengine, mchanga upo wa kutosha, ila kamera ibaki kwenye gari.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi wa zamu aliyekuwa akimweleza kila anachomfanyia ingawa hakuweza kujibu, inawashukuru majirani wa Bowie walioleta vyakula mpaka friji ikakataa kufungwa, wafanyakazi wenzake wa Seneti waliokuja na Bwana Ajamu na waliokaa saa nzima wakisikiliza lugha wasiyoijua, Baba Mchungaji aliyenipa kipaza sauti hiki bila kutaka kusoma kwanza, na kamati pia tunaishukuru, kwa viti.

Jepkosgei, dada yangu, mtoto wako ameshapajua mahali, ni dakika chache kutoka kazini kwake. Pumzika hapa hapa ulipotaka, kwa amani yako.