Mama Kimya na Kona Aliyoinyima Mashine

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, mimi ni kitinda mimba wa nyumba yetu, niliyebebwa mgongoni na marehemu kabla sijajua kutembea, na familia imenituma nisome historia yake, ikanionya nisiseme mengi, maana yeye mwenyewe hakuwapenda wenye maneno mengi.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kimya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, akiwa mtoto wa tatu wa baba fundi seremala na mama mshona nguo. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila kila mwaka walimu walimpa ukiranja wa kengele, kwa kuwa kengele yake haikuwahi kuchelewa.

Mwaka 1977 aliajiriwa hotelini kama mhudumu wa meza, akapanda hadi kuwa msimamizi wa baa, na huko ndiko alikokutana na shemeji yetu, mpiga gitaa la besi katika bendi ya hoteli, mtu mrefu, mpole, ambaye hata posa yake ilibidi asemewe na mpiga ngoma. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Mwaka 1991 dada aliacha kazi akafungua baa yake mwenyewe, chumba kimoja kirefu, kaunta ya mbao aliyoichonga baba, na kona pana karibu na mlango wa nyuma, kona ambayo imewasumbua watu wengi kuliko ukubwa wake.

Ilipofika mwaka 2004, mashine za kamari zilikuwa zimeingia karibu kila baa ya mtaa wetu, na zilipoingia bendi zilitoka, kwa kuwa mashine haili, haiombi nauli wala haigombani na mwimbaji, hata shemeji akawa anashinda nyumbani, gitaa limetundikwa ukutani. Dada naye alimkubalia wakala wa mashine alete moja ya majaribio, ikawekwa kwenye ile kona. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mgeni yule hakushika jembe, alikaa akiwaka taa na kumeza sarafu, na wateja waliozoea kutaniana meza kwa meza wakaanza kupeana mgongo. Fundi rangi mmoja, aliyekuwa mcheshi wa baa nzima, alisimama mbele ya mashine jioni nzima bila kumsalimu mtu, na alipotoka alimpita mkewe mlangoni, mke aliyekuja kumfuata, asimtambue.

Hilo lilimuuma sana dada. Asubuhi alimpigia simu wakala aje achukue mali yake, na wakala alipojivuta, akaifunika mashine kwa kitambaa cha meza na kuipangia kreti za soda juu. Wakala alipoikuta hivyo alimwambia, "Mama, riziki hiyo unaitupa," naye akamjibu kwamba baa ni mahali pa watu kutazamana usoni, anayetaka kutazama ukuta abaki kwake, kuta zipo. Mashine ilipoondolewa, mimi niliitwa nije na nyundo, nikajenga jukwaa dogo kwenye kona ile kwa mbao za benchi la kazi la marehemu baba, na shemeji akalishusha gitaa.

Mwanzo ulikuwa mgumu, wateja wengine walituhama, na jirani yetu fundi viatu, ambaye ukuta wake umepakana na jukwaa, alikuja kulalamikia kelele, kiatu cha mtu kikiwa bado mkononi. Walikaa wakaelewana kwamba ikifika saa tatu usiku spika zizimwe, na wimbo wa mwisho upigwe bila umeme. Tatizo ni kwamba gitaa la besi bila umeme halisikiki zaidi ya mbu, ndipo dada akawa anapita kati ya meza, kidole mdomoni, akiwanyamazisha wanywaji mmoja mmoja ili mume wake asikike, na hapo ndipo alipolipata jina lake. Fundi viatu naye alianza kuja kila jioni kuhakikisha ahadi inatimizwa, akiagiza kinywaji ili asionekane mpelelezi, na hadi leo hajamaliza kuhakikisha.

Mwezi Februari 2022 dada alianza kuumwa moyo, akawa wa kulazwa na kuruhusiwa. Wakala hakulala, akamfuata mtoto mkubwa wa dada, mpwa wangu mhasibu, akamwambia mama amechoka, bora kona ipangishwe kungali mapema. Mpwa wangu alimfikishia mama yake, na dada, ambaye wakati huo hakuweza tena kusimama, hakubishana, alimwomba tu jioni ile akae meza ya mbele pale baa mpaka wimbo wa mwisho, kisha aje waongee. Mpwa alikaa mpaka mwisho, lakini aliporudi alimkuta mama amelala, na mazungumzo yale hawakuyafanya tena. Dada alifariki mchana wa tarehe 6 Juni 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa aliyewanyamazisha hata wao, wanamuziki waliompigia karibu na dirisha la chumba chake, wafanyakazi wenza wa mpwa wangu, na majirani wote, fundi viatu akiwa wa kwanza. Tunamshukuru pia wakala wa mashine, ambaye amekuja kuzika pamoja nasi, na mpwa wangu amenituma nimjibu hapa hapa, mbele ya mama yake, kwamba kona haipangishwi, na bendi itapiga Jumamosi kama kawaida.

Sasa shemeji atampigia mkewe wimbo wa mwisho. Hapa hakuna umeme, na hatukuleta spika, kwa makusudi, kwa hiyo nawaomba mfanye kama alivyotufundisha.

Pumzika kwa amani, dada. Tumenyamaza.