Picha Zilale Nyumbani

Benchi la nje ya duka la kufuli lina miguu mitatu mizima na wa nne wa matofali, na kila asubuhi hubeba watu wazima watatu wasio na haraka ya kwenda popote. Asubuhi hiyo, lakini, mmoja wao hakutulia. Bisibisi, aliyetengeneza redio za mtaa mzima mpaka macho yakamchoka, alikaa, akasimama, akakaa tena. Alikuwa anamngoja fundi wa kamera, aje amwekee sanduku la kuhifadhia picha za kamera aliyofungiwa sebuleni, humo humo ndani ya nyumba, zisipelekwe tena huko wanakokuita kwenye wingu, ambako binti yake aliye mbali huzifungua kwa simu. Na simu yake mwenyewe ameilaza kifudifudi benchini, inatetemeka.

— Pokea basi, alisema Tetesi, anayejua habari za mtaa kabla hazijatokea, huku akimimina kahawa kutoka kwenye chupa yake.

— Ni binti. Mwache.

— Toka saa moja anapiga!

— Toka saa moja nimechomoa waya wa intaneti. Anaona giza. Na aone.

Wakili, ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani ila kwa kesi ya kuku wake, alikohoa kidogo.

— Una haki, mzee mwenzangu. Picha ya mtu ni mali ya mtu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hiyo zifiche!

— We naye! alidakia Tetesi. Methali hiyo inasema kinyume.

— Inategemea anayeisema.

— Hebu niambieni, aliuliza Bisibisi, huko kwenye wingu kuna nini hasa? Redio nikiifungua naona utumbo wake. Wingu nitalifungua kwa bisibisi gani?

— Ni ghala, bwana, alijibu Wakili. Ghala la watu usiowajua. Wanajua unalala saa ngapi, unajigeuza mara ngapi. Shemeji yangu alipiga miayo mbele ya kamera, wiki hiyo hiyo akaletewa tangazo la godoro.

— Godoro cha mtoto! Tetesi alishusha sauti. Wakishapata picha zako za kutosha wanaunda Bisibisi mwingine. Anatembea hivyo hivyo, anakohoa hivyo hivyo. Anaweza hata kuoa.

— Kuoa?

— Halafu mke analetwa kwako!

— Ndiyo hiyo, haba na haba hujaza kibaba, alihitimisha Wakili, na hakuna aliyejua kibaba kimeingiaje.

Simu ilitetemeka mpaka ukingoni mwa benchi. Bisibisi aliidaka, akairudisha kifudifudi. Roho ilimuuma, na hakutaka wenzake waone. Wao walidhani anaogopa maghala. Kumbe jana jioni binti alipiga akauliza, "Baba, mbona unaongea na kiti cha mama?" naye akamkatia hata hajamaliza. Mkewe ana miezi minane tangu afariki, na kila jioni Bisibisi hukiambia kile kiti habari za siku. Kuonwa hivyo na mtoto wa kumzaa! Aliona aibu kama kavuliwa shati sokoni.

Fundi alifika saa nne, mama wa makamo, ngazi begani na sanduku jeusi kwapani, halizidi kitabu kinene.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Mzigo ndio huu. Picha zitaingia humu. Likijaa, mpya zinafuta za zamani. Hazitoki nyumbani bila ruhusa yako.

— Umesikia hiyo! Wakili alijipiga paja.

— Jambo moja tu, niliandike kabla sijapanda ngazi. Mtazamaji ni nani?

— Mtazamaji wa nini?

— Wa kuziangalia, baba. Niweke namba ya nani?

Bisibisi alimtazama Wakili. Wakili alitazama ndani ya kikombe. Tetesi, mwenye habari za kila mtu, alitikisa chupa. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo Bisibisi alipogundua kwamba simu imenyamaza. Hakujua tangu lini. Aliigeuza: simu kumi na moja hazikupokelewa. Akapiga, na kabla haijaita hata mara moja ikapokelewa.

— Baba! Umeanguka?

— Sijaanguka, mama. Nimechomoa waya mwenyewe.

Kule mbali alimsikia anapenga kamasi.

— Ni kile kiti, alisema Bisibisi, na benchi zima likasikia. Naongea nacho kila jioni.

— Najua, baba. Jana ulinikatia. Nilitaka kukuomba na mimi nimsalimie mama.

Bisibisi akamgeuzia fundi kioo cha simu, namba ya binti ikionekana.

— Picha zilale nyumbani, alisema. Lakini mtazamaji andika huyu. Na ile kamera ya sebuleni uiache hapo hapo, inatazama kiti.