Bi Lifti wa Ghorofa ya Tisa

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee safari ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Lifti, na wengine mnasikia leo jina hilo lilitoka wapi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1961, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili wa fundi wa kuchomelea vyuma na mama muuza mkaa, na waliokuwepo wanasema alilia kwa sauti ambayo ilizima hata nyundo za karakana, sauti ambayo hakuipunguza maisha yake yote. Shule ya msingi alianza mwaka 1968 akamaliza 1974, akisifiwa kwa kusoma kwa sauti mbele ya darasa, lakini mwaka huo huo mama yetu alilazwa na muda mrefu ukapita kabla hajainuka kitandani, dada akaweka daftari chini na kutulea sisi wadogo zake, wala hatukuwahi kumsikia akitusimanga kwa hilo.

Mwaka 1984 aliajiriwa kuwa yaya katika jengo la ghorofa kumi na nne, upande ule wa jiji wenye miti na taa za barabarani, akipika, akifua na kulea kwenye ghorofa ya tisa. Huko ndiko alikokutana na shemeji yetu, fundi bomba, aliyeitwa kuzibua sinki, na maneno ya kwanza fundi huyo aliyoambiwa na dada yalikuwa, "Ukimaliza, usiniachie maji sakafuni." Hakuyaacha, na tarehe 12 Julai 1986 wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja.

Katika jengo lile lifti ilikuwa ya wenye nyumba na wageni wao, wafanyakazi walipanda ngazi, na kibao kilibandikwa mlangoni ili asiwepo wa kujisahaulisha. Mwaka 1996 mpishi wa ghorofa ya kumi na moja, mama mtu mzima, alianguka kwenye ngazi akiwa na gunia la viazi begani, akavunjika nyonga, na kabla hajatoka hospitali nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Asubuhi iliyofuata baada ya kusikia habari hiyo, dada yetu aliingia kwenye lifti mikono mitupu, msimamizi wa jengo akauzuia mlango kwa mguu na kumwambia, "Mama, ngazi ziko kule."

"Nazijua," dada akamjibu. "Lakini juzi nilikuwa nimembeba mtoto wa bosi, ukanifungulia mlango huu huu na shikamoo juu yake. Kama lifti ni ya mtoto na mimi nilikuwa mkokoteni wake, niambie tu, nijue."

Watu waliokuwa ukumbini walicheka, msimamizi akatoa mguu, dada akapanda. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemwaga unga. Mwajiri wake alimwita sebuleni akamwambia, "Mimi sina neno na wewe, ni majirani wamenijia juu," naye akakunja aproni yake vizuri, akaiweka mezani, akasema, "Wangejua una neno na wao, wasingekujia." Walinzi ndio waliompa jina la Bi Lifti siku hiyo, kwa kejeli, naye akalichukua kama mtu anavyopokea zawadi.

Nyumbani alilia, hilo shemeji ametuambia tuliseme, kwa sababu mtoto wa ghorofa ya tisa alikuwa kama wake na hakuruhusiwa kumuaga. Kisha alianza kuwakusanya wapishi, mayaya na wafagizi kila Jumapili katika darasa la shule ya msingi, wakaunda chama chao, na mwezi wa Septemba 1998 wafanyakazi wote wa jengo lile walisimama mlangoni chini, wamevaa nguo safi, wakasema watapanda lifti ikifunguliwa. Wenye nyumba walishuka mmoja mmoja, wengine na nguo za kulalia, wengine na watoto wanaolia mikononi wasijue uji unaanzia wapi, na jua halijafika utosini kibao kikabanduliwa. Wenzake walimvuta dada yetu aingie wa kwanza, akakataa. "Mimi sina kazi huko juu," alisema, "apande mwenye mzigo." Akarudi nyumbani kwa miguu, akiimba.

Aliongoza chama hicho hadi mwaka 2019, akipigania mikataba na siku ya mapumziko katika majengo mengi ya jiji hili, na katikati ya hayo alirudi masomoni, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka mmoja na kitinda mimba wake, akampita hesabu, na kijana huyo, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu, hakupewa nafasi ya kusahau.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Wodini, hata sauti ilipobaki kidogo, alimwambia nesi aliyemkimbilia, "Anza na yule wa dirishani, ameita kabla yangu." Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Machi 2023, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kutufagilia ua, wanachama wenzake, na yule kijana mrefu aliyeketi nyuma, mtoto wa ghorofa ya tisa, aliyefika jana kutoka mbali, akauliza achimbe upande gani, akavua koti na kupokea sepetu.

Dada, umewalea wako na wa wenzako. Lala sasa, utulie.